Mbao Tano za Lango la Maji

Kuna watu Garsen watakaokuambia kwamba Barnabas fundi ana mkono mzuri na mdomo mbaya. Hawajakosea. Mkono nilifundishwa Hola, miaka miwili ya chuo cha ufundi. Mdomo nilizaliwa nao. Nimeshafukuza wateja kwa sababu tu mtu ameniambia, "Kata hivyo hivyo, itaingia." Hakuna neno linalonipandisha damu kama hilo. Mbao haiingii kwa maombi, inaingia kwa sababu umepima. Nayasema haya mapema ili ujue nilivyo, maana sina nia ya kujipamba.

Mke wangu ni Truphena, Mgiriama wa Marafa. Tulikuwa na miaka minane pamoja na binti mmoja, Valentine, wa miaka sita. Karakana yangu iko Garsen, nyuma ya soko, lakini mama alipofariki aliniachia shamba la mpunga kijijini kwetu, karibu na Ngao, tukahamia huko. Nasema aliniachia mimi, ila aliyelilima ni Truphena. Mimi ni mtu wa vumbi la mbao. Jembe likinikaa mkononi saa moja, natafuta sababu ya kwenda mjini. Yeye alifunzwa mpunga na dada yangu Teresia, tangu kuatika mpaka kuamia ndege, na kabla ya mwaka kwisha aliujua kuliko mimi niliyezaliwa ndani yake.

Misimu mitatu alilima, misimu mitatu hatukula. Wa kwanza mvua ilikataa. Wa pili na wa tatu mto ulipanda, ukapita langoni, ukaulaza mpunga wote matopeni, na sisi tukaishia kwenye mahema kando ya barabara ya lami pamoja na kuku wawili na godoro lililolowa. Mara ya mwisho, tulipokuwa tunafungua turubai turudi nyumbani, Truphena aliniambia kwa sauti ile ile ambayo angeniambia chumvi imekwisha:

"Baba Valentine, nitalima mara moja tena. Maji yakiuchukua na huo, narudi Marafa na mtoto wangu. Sikutishi. Nimechoka."

Truphena si mtu wa kutisha watu. Kwa hiyo mpunga wa msimu wa nne sikuutazama kama chakula. Kila nilipopita kando yake nilikuwa natazama kama mke wangu atakaa au ataondoka. Nao, kwa mara ya kwanza, ulikubali. Ulitoa masuke, ukaanza kuinamisha vichwa. Zilibaki wiki tatu uvunwe.

Ndipo simu zilipoanza kulia kijiji kizima. Mabwawa ya juu yamejaa, yanamwaga. Maji yamepita Garissa. Mtu wa Bura akampigia Zakaria, mwenyekiti wetu wa kamati ya tuta, kumwambia kule kwao mto umeshaanza kulamba kingo. Tulihesabu siku kwa vidole tukaona tuna mbili, na ya pili si nzima.

Tuta letu ni la udongo, limezunguka mashamba na nyumba zetu, na lina lango moja tu. Ni fremu ya zege yenye njia mbili za wima, ambamo mbao tano zinashushwa moja juu ya nyingine. Ukitaka maji ya mpunga unazitoa, mto ukichachamaa unazirudisha. Mbao za zamani zilikuwa zimeoza, na hata zilipokuwa mpya kingo zake zilikatwa bapa tu. Ubao bapa ukikalia ubao bapa, maji yanapita katikati. Mwaka uliotangulia tulisiliba nyufa kwa udongo na magunia. Udongo haukumaliza saa moja. Maji yalianza membamba kama uzi, yakawa kama mkono, kisha yakaula udongo kando ya zege na tuta likafunguka mbele ya macho yetu.

Safari hii nilisema nitazitia jino na mfuo. Ubao wa chini unaachiwa jino, ukanda mwembamba unaotokeza katikati ya ukingo wake wa juu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ubao unaoukalia unachimbwa mfuo wa upana huo huo kwenye ukingo wake wa chini. Jino likizama ndani ya mfuo, maji hayana tena njia iliyonyooka. Zakaria akanishika bega akasema, "Fundi, tufanyie hata sisimizi asipite." Nikamwambia sisimizi ataleta barua ya malalamiko.

Mbao tulizokuwa nazo ni za mwembe. Miembe mingi iliangushwa na mafuriko yaliyopita, tukaipasua. Mwembe si mti wa majini, unakunywa kama mlevi, lakini siku mbili si muda wa kutafuta mbambakofi usioogopa maji. Asubuhi ya siku ya kwanza nilizirandia Garsen, na Truphena alikuja nami, kwa sababu bila yeye siwezi kutega ruta ya kuchimbia mifuo.

Hili sikuwa namwambia mtu. Macho yangu ya karibu yalianza kuisha nilipofika arobaini na tano, na miwani yangu iliondoka na maji ya msimu wa tatu. Mbao naiona, mashine naiona, lakini mistari ya rula kwangu ni ukungu mtupu. Na ruta haitaki ukungu. Ni mashine ndogo, unaishika kwa mikono miwili, ndani yake kuna biti, kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi ya kutisha, na itakata pale ulipoitega, pawe sahihi au pawe kosa. Ukikosea nusu milimita, itakukosea nusu milimita kwa urefu wa mita mbili bila kuchoka.

Basi Truphena ndiye alikuwa macho yangu. Mimi naingiza biti kwenye tundu lake mpaka chini, halafu naivuta juu kidogo, kiasi cha unene wa kijiti cha kiberiti, ndipo nabana kwa spana. Hiyo ni sheria. Biti ikiachwa imegusa chini, ikipata joto na mtikisiko huteleza polepole huku unakata na wewe huna habari. Kisha nashusha mashine mpaka biti iguse mbao, na Truphena anainama, anasoma rula, anasema "bado", anasema "rudi", anasema "hapo". Akisema hapo, ni hapo. Kwa vipimo vidogo kuliko milimita tunatumia kadi ya kukwaruza ya salio. Unaiweka chini ya kizuizi cha mashine, unafunga, unaichomoa, na umepata theluthi ya milimita bila kusoma chochote.

Tulikata kwanza kwenye kipande cha majaribio cha mwembe ule ule, unene ule ule. Mfuo ulitoka milimita kumi na tano. Jino tukalipunguza kadi moja, liingie kwa kusukumwa kwa mkono bila nyundo wala kuchezacheza. Truphena alilishika lile jaribio akalifunga na kulifungua mara tatu, akatabasamu. Alikuwa hajatabasamu tangu simu zilipoanza. Tukakata mbao zote, moja moja, na kufika alasiri zilikuwa zimepangwa ukutani, nami nilijiona fundi mkubwa kuliko wote kutoka Hola hadi Kipini.

Tuktuk ya mizigo ilizipeleka kijijini pamoja na Truphena. Mimi nilibaki mjini kufuata jenereta ya kanisa, kwa sababu zege la kienyeji halikosi nundu, na nilitaka kuwa na ruta pale pale langoni. Nikamwambia mke wangu azihifadhi vizuri zisipasuke, jua la siku zile lilikuwa kali kati ya mvua na mvua. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia, nakumbuka. Zihifadhi vizuri.

Asubuhi ya siku ya pili nilifika kwa bodaboda na jenereta nikakuta wanaume wanne wamesimama mtoni, maji ya magoti. Walikuwa wanatoa mbao zangu chini ya maji. Zilikuwa zimelazwa pale usiku kucha, zimewekewa mawe juu zisielee.

Mtu wa mto atajua mara moja ni nini kilichofanyika. Kwetu mtumbwi mpya hauachwi juani. Unazamishwa ukingoni, mawe yanawekwa ndani, unakunywa maji taratibu ili usipasuke. Baba yangu alifanya hivyo, mimi mwenyewe nikiwa kijana nimebeba hayo mawe. Kwa mtumbwi ni busara tupu. Lakini mtumbwi ni gogo moja, hauna jino la milimita kumi na tano linalotakiwa kuingia mahali.

Nilichukua mbao mbili nikazigusanisha. Jino halikuingia. Nikasukuma kwa goti, halikuingia. Nikamwita Truphena aje na rula, naye alikuja akikimbia, ameshika kanga kiunoni, akanisomea kwa pumzi za haraka: jino limekuwa kumi na tano na theluthi, mfuo umekaza, haufikii kumi na tano. Mwembe ulikuwa umenenepa. Tulikuwa tumepitiliza nusu milimita tu, ila kwa nusu milimita mbao zingekaa juu ya meno, moja haigusi nyingine, na kati ya kila mbili kungekuwa na ufa wa kuingiza vidole.

Zakaria, ambaye kijiti chake cha kupimia mto kilikuwa kimeshamezwa mara mbili tangu alfajiri, alisema tuyachonge meno kwa panga. Nikamwambia panga litaacha mawimbi, na kwenye kila wimbi maji yatapita kama mwaka jana. Kisha nikauliza ni nani aliyezizamisha.

"Mimi," Truphena akasema. "Ulisema zisipasuke."

Ningeweza kunyamaza. Nimeyarudia haya kichwani mara nyingi na kila mara naona pale mahali ambapo ningenyamaza. Wanaume walikuwa wamesimama, Teresia alikuwa amesimama na karai lake la udongo, Valentine alikuwa amekaa juu ya tuta anatafuna muwa. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nilisema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia:

"Tangu ushike jembe kwenye shamba la mama yangu hatujala punje. Mkosi umeuleta wewe. Kwenu hakuna mto, ungeujulia wapi?"

Zakaria alitazama maji. Teresia aliinua karai akaliweka tena chini pale pale. Truphena alinitazama kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni aliyeko mbali, halafu akainama akaokota rula iliyokuwa imemwanguka, akaipangusa kwa kanga. Hasira hasara, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeshalipa bila kujua ni nini nilichokuwa nimelipia.

Maji hayakungoja tupatane. Tulilaza ubao wa kwanza juu ya mapipa mawili pale pale tutani, nikawasha jenereta, nikashika ruta, na ndipo nilipokumbuka kwamba sioni. Nilisimama na mashine mkononi kama mjinga. Watu wazima wa kijiji walikuwa wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyejua kusoma nusu milimita isipokuwa yule niliyetoka kumvua nguo mbele yao.

"Nisomee," nikasema. Sikusema tafadhali wala jina lake.

Alikuja. Akapiga magoti kwenye tope, akaweka jicho karibu na biti, akasoma. "Bado. Bado. Rudi kidogo. Hapo." Sauti yake haikuwa na hasira wala machozi, ilikuwa kama ya mtu anayesomea mtu mwingine barua isiyomhusu. Nikagusisha biti kwenye shavu la jino, ubavu wake, nikaweka kadi mbili chini ya kizuizi, moja ya kulifanya liingie na moja kwa sababu mwembe ulikuwa bado haujashiba. Nikafunga, nikachomoa kadi, nikakata upande mmoja. Nikageuza ubao, tukatega upya, nikakata wa pili. Mbao mbichi haikatiki vizuri. Ilitoa nyuzi badala ya unga, na nyuzi zikaniganda mikononi. Lakini jino liliingia. Liliingia na nafasi ndogo niliyoitaka.

Zilikuwa mbao nne zenye jino, kila moja mashavu mawili, kila shavu kutegwa upya kwa sababu hakuna ubao ulionenepa sawa na mwenzake. Wanaume walishusha wa kwanza. Walipokuwa wanashusha wa pili mto ulikuwa umefika juu ya ule wa kwanza na kuanza kuingia ndani, mwekundu, umebeba majani ya migomba ya watu wa juu. Truphena alisoma, mimi nilikata. Hatukutazamana. Niliwaza kwamba lango likifungwa yote yatakwisha, mpunga utabaki, naye atabaki, nami nitatafuta siku ya kumwomba msamaha tukiwa tumeshiba. Nilidhani jambo lililokuwa linataka kumwondoa lilikuwa upande wa nje wa tuta.

Ubao wa tatu biti ilijaa nyuzi na utomvu ikaanza kunuka moshi. Niliitoa, nikaikwangua kwa kisu, nikairudisha mpaka chini na kubana kwa spana kwa nguvu zangu zote.

"Umeivuta juu?" Truphena akauliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo la rula. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu, "Nimekuomba macho, sikukuomba ufundi." Nikawasha mashine.

Nilisikia kabla sijaona. Mlio wa ruta ulizidi kuwa mzito kadiri nilivyosogea, na nilidhani ni ile mbao mbichi. Nilipofika mwisho nikazima, nikapitisha kidole kwenye jino. Mwanzoni lilikuwa nene, mwishoni lilikuwa jembamba kama biskuti. Biti ilikuwa imeteleza taratibu safari nzima, kama nilivyofundishwa, kama nilivyomfundisha yeye. Hatukuwa na ubao mwingine. Kwenye ufa wa jino lile maji yangeingia, na yakiingia pale tu yangetosha, hayahitaji milango miwili.

Nilikaa kwenye tope. Sikuona aibu. Zakaria alinipigia kelele niinuke, akasema maji yako magotini langoni, na mimi nilimsikia kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilichokuwa nakiona ni mpunga umelala matopeni kwa mara ya nne na mke wangu anakunja godoro.

Truphena alipima. "Kumi na mbili," akasema, si kwangu hasa. "Mfuo ni karibu kumi na tano." Akaondoka bila kueleza. Niliwaza ameondoka moja kwa moja na nikajisemea anayo haki. Lakini alishuka tu kwa yule mtu wa boda aliyenileta, wakazungumza, akarudi na tyubu kuukuu ya pikipiki. Aliipasua kwa kisu changu, akakata ukanda wa mpira mrefu kama nusu ya ubao, akausimamisha kwenye rula. "Mbili na kitu," akasema. "Ukibanwa, utaziba."

Alinishikia ukanda kwenye lile shavu jembamba, nami nikaupigilia kwa misumari midogo. Vidole vyetu viligusana pale na hakuvitoa haraka wala hakuviacha. Kisha akashika biti, akaisukuma mpaka chini, akaivuta juu unene wa kijiti cha kiberiti, akanishikia nibane. Tukatega shavu la pili, nikakata, likawa sawa. Tukafanya ubao wa nne. Wa tano, wa juu kabisa, ulikuwa na mfuo tu bila jino, haukuhitaji kitu. Aliweka rula na zile kadi juu ya pipa, akaenda kumshusha Valentine tutani. Nilimwona anampangusa mikono.

Mimi nikaingia langoni. Maji yalinifika kifuani na yalikuwa yanasukuma kama ng'ombe. Wanaume wanne juu, wawili ndani nami, tulishusha ubao wa tatu kwenye njia zake za zege. Ulikwama kwenye nundu, tukaupiga kwa gogo, ukashuka. Nilipitisha kiganja kwenye kiungo cha chini chini ya maji. Hakikuwa kinavuta. Tukashusha wa nne juu ya jino lenye mpira, na hapo nilikuwa naomba kwa sauti, Zakaria naye anaomba kwa sauti yake, kila mtu na sala yake. Tukaupiga kulia, tukaupiga kushoto. Mpira ulibanwa. Tukashusha wa tano.

Nikazunguka upande wa ndani nikainama. Zege lilikuwa limelowa, mbao zilikuwa zimelowa, lakini hakuna kilichokuwa kinapita. Upande wa nje mto ulikuwa umepanda mpaka katikati ya ubao wa nne na unaendelea. Upande wa ndani, kwenye mfereji wetu, kulikuwa na dimbwi la maji lililotulia, lenye konokono wake wa kichocho. Zakaria alinikumbatia akanivunja mbavu. Watu walicheka kile kicheko cha kuchoka. Nikainua kichwa nikaita, "Mama Valentine! Njoo uone!" Nilitaka aje apitishe ukucha wake kwenye kile kiungo cha mpira, aniambie "hapo".

Nikaita tena. Mtu mmoja akasema labda amempeleka mtoto nyumbani kubadilisha nguo.

Nilikwenda nyumbani nikikimbia na kucheka peke yangu, maji yakinichuruzika. Nilipita katikati ya mpunga wetu, na ulikuwa umesimama wote, hata ule wa bondeni kabisa. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Sufuria ya ugali ilikuwa imefunikwa mezani na samaki pembeni. Godoro lilikuwa mahali pake. Sanduku la Truphena na mkoba wa shule wa Valentine havikuwepo.

Teresia alinikuta nimesimama mlangoni. Alikuwa bado na tope mpaka viwikoni, na alikuwa analia kwa namna ambayo sikumwona akilia hata mama alipokufa. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, yeye ndiye aliyemwambia Truphena azizamishe mbao. Truphena alimwuliza jioni ile, wifi, zisipasuke nifanye nini, naye akamjibu kama tunavyofanya kwa mtumbwi, akamsaidia hata kubeba mawe. Pale tutani alitaka kusema, akaniogopa.

La pili, mashua moja iliyokuwa ikiwatoa wazee na watoto mafurikoni ilikuwa imepita upande wa nje ikielekea barabara ya lami, ya mwisho kabla njia haijafungika, na Truphena alipanda na mtoto. Teresia alimsindikiza mpaka kwenye tuta. Alimsihi, akamwambia lango linakaribia kufungwa, mpunga umepona, akae. Truphena hakulia. Alisimama kwenye mpaka wa shamba akautazama mpunga kwa muda, akasema:

"Ukikomaa, uvune wewe, wifi. Mimi sitaugusa tena, usije ukapata mkosi."

Nilikimbia mpaka mahali njia ya Ngao inapotoka kwenye tuta. Haikuwepo. Kulikuwa na maji tu, mapana mpaka kwenye miti, na mashua ilikuwa haionekani. Nilipiga simu, mtandao ulikuwa umekwenda. Niliingia majini, nikafika kiunoni, mkondo ukanitoa miguu, na Zakaria aliyekuwa amenifuata akanivuta kwa shati na kuniambia nisiwaongezee msiba. Akasema nishukuru. Akasema katika vijiji vyote vya upande huu ni sisi tu tuliobaki na mpunga.

Nilikaa juu ya tuta mpaka jua likashuka, na kila mtu aliyepita alinipa mkono wa pongezi. Upande wetu wote ulikuwa mkavu.